Diski ya Baba na Wimbo wa Ng'ombe

Baba aliletwa dukani kwangu Bariadi asubuhi, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa mdogo wangu juu ya pikipiki, kama gunia la pamba linalopelekwa kupimwa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mzima wa kulia, mkono na mguu na nusu ya uso. Ulimi nao kilikuwa kimeubakizia neno moja tu: "basi". Akiona njaa, basi. Akishiba, basi. Akitaka kutukana, na alitaka kila siku, aliyakodoa macho akasema basi.

Mtu huyu alikuwa manju. Kwa asiyetujua sisi Wasukuma, manju ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza wachezaji kwenye mbina, zile ngoma za baada ya mavuno ambapo makundi mawili hushindana kuvuta watu. Silaha ya manju ni mdomo. Anamchambua mpinzani wake mbele ya umati, anamvua nguo, anamgeuza na kumchambua upande wa pili, na umati ukicheka zaidi ndiyo ushindi wenyewe. Kuanzia Maswa mpaka Dutwa hakukuwa na mdomo kama wa baba yangu.

Wimbo wake uliotamba kuliko yote ulinihusu mimi. Niliolewa Shishiyu, nikakaa miaka bila kupata mtoto, mume akachoka, akanirudisha kwetu, na ng'ombe wa mahari wakadaiwa. Baba alilazimika kuwatoa zizini na kuwaswaga mwenyewe kuwarudisha, majirani wamesimama njiani wanatazama. Msimu uliofuata akapanda ulingoni na wimbo mpya. Kwa Kisukuma unakata zaidi, ila kwa Kiswahili ni hivi: nilikula ng'ombe wa watu, nimewatapika wazima, na pembe zao na mikia yao; binti yangu ni chungu cha kupendeza, kitako kimetoboka. Hakunitaja jina. Hakuhitaji, maana ana binti mmoja tu.

Watu waligaagaa kwa kicheko. Nilikuwepo, nimeshika kamera, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimrekodi. Mpaka leo ndiye ninayewawekea watu wimbo huo kwenye memori kadi na flashi hapa dukani, kati ya kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Vijana wanaingia, "Dada, nirushie ule wa kutapika ng'ombe," nami narusha. Wengine wanajua ni mimi, wanatazama tumbo langu huku wakisubiri chenji. Umenilisha wimbo ule, siwezi kukataa. Lakini baba sikumsamehe, na alipopata kiharusi sikulia. Nilichukia tu kwamba ulimi wake umeondoka kabla hajaniomba radhi.

Kwa hiyo alipoketishwa kwenye kiti cha wateja, nikampa shikamoo yake kama anavyostahili baba yeyote, akanijibu "basi", nikamgeukia mdogo wangu.

"Kuna nini?"

"Ni hii diski, dada." Akaitoa kwenye mfuko wa ngozi ambao baba huwekea dawa zake za ngoma. Ndimo nilimohifadhi video zake zote, na nilikuwa sijaiona tangu alipoichukua kwangu, akihofia nitawauzia wapinzani wake video zake. "Tumeichomeka kwenye tivii, inakwama. Video inacheza kidogo, inaganda. Nyumbani wanasema wale wa upande wa pili wamemfunga mpaka kwenye mashine."

"Wamfunge mara ngapi? Si ameshafungwa?"

Mdogo wangu akaiweka mezani. Yeye ni mpole, tena anampenda baba, sijui anapendea nini.

Niliichukua diski ile haraka kuliko nilivyotaka waone. Humo ndani mlikuwa na kitu changu. Mama alipofariki, baada ya watu wa matanga kutawanyika, baba alikaa jikoni kwenye kigoda cha mama, akaimba peke yake bila ngoma. Hakumtukana mtu. Alimwita mama kwa jina alilomwita alipokuwa bibi harusi, akamuuliza nani atafungua zizi asubuhi, na katikati kuna mstari mmoja unaosema: binti yetu ana mikono yako. Ndilo neno jema pekee ambalo baba yangu amewahi kusema juu yangu, na hakulisema kwangu, alimwambia marehemu. Nilirekodi nikiwa nimesimama mlangoni. Kompyuta yangu ya kwanza iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, kwa hiyo wimbo wa mama ulibaki ndani ya diski hiyo tu. Hakuna mtu aliyewahi kuja dukani kuuulizia.

Nikaichomeka kwenye tundu la mbele la sipiyu, nikaanza kuhamishia video zote kwenye kompyuta. Ilianza kwa mbio, nikafurahi. Kufumba na kufumbua mwendo ukaporomoka, kutoka megabaiti nyingi kwa sekunde hadi kilobaiti, halafu sifuri, halafu kilobaiti tena. Kompyuta ikasema imebaki saa tatu, ikabadili mawazo ikasema siku mbili.

Kwa kawaida ninaanza na vitu vya bei rahisi. Matundu ya mbele ya sipiyu yangu yamechoka, wateja wamechomeka flashi humo mpaka yamelegea, kwa hiyo nikahamia nyuma, kwenye tundu la bluu ambalo ni la kasi. Hakuna tofauti. Nikachungulia tundu la diski yenyewe, nikakuta limejaa unga mweusi.

"Hiki nini?"

"Dawa," mdogo wangu akasema. "Ya kuvuta watu. Baba aliipaka ili video zipendwe."

Nilicheka kwa sauti, mbele ya mgonjwa. Nikachukua mswaki wa zamani na spiriti ninayosafishia mashine ya fotokopi, nikasugua mpaka chuma kikang'aa. Mdogo wangu alinishika mkono. "Dada, usiitoe yote." Nikaitoa yote. Baba alinitazama kwa jicho lake zima, akasema basi, na safari hiyo nilijua kabisa ni tusi gani.

Nikabadilisha na waya, nikaweka mfupi na mpya. Mwendo ukapanda! Nikamwambia mdogo wangu, unaona wachawi wako, ni uchafu na waya. Tukatazama skrini kwa pamoja, hata baba akainua shingo. Kisha ukashuka tena, ukatambaa, ukasimama. Nikazima antivairasi, huenda ndiyo inayokagua kila faili kabla ya kuipitisha. Nikafuta filamu zilizojaza kompyuta yangu, maana kompyuta iliyojaa nayo huzembea. Nikaizima na kuiwasha. Kila nilichofanya kilikuwa sahihi, na nilikifanya kwa sababu sikutaka kusikia ile sauti ya ndani ya diski. Ilikuwepo tangu mwanzo. Tik, kimya, tik.

Nikafungua programu ya kupima afya ya diski. Ikaniletea rangi ya njano na neno la tahadhari. Sehemu za diski zilikuwa zinakufa moja moja, na kichwa cha kusomea kila kilipofika kwenye sehemu iliyokufa kilirudia na kurudia, ndiyo maana mwendo ulikuwa wa kobe. Hakuna tundu wala waya utakaoponya hilo.

"Inakufa," nikawaambia. "Haijafungwa na mtu. Inakufa kama kila kitu kinavyokufa. Tukiendelea kuhamisha zote kwa pamoja, itakata roho katikati na tutakosa zote. Diski ikifika hapa, unaacha kuijaribu. Unatoa kwanza kile cha maana kuliko vyote, halafu cha pili, mpaka ifike mwisho wake."

Nilisema hivyo kwa kiburi cha fundi. Sikufikiria kwamba ndani ya chumba kile kila mmoja alikuwa na cha maana chake.

Mdogo wangu akaja upande wangu wa meza, akaanza kumsomea baba majina ya video, na mimi nikiwa nimeweka mkono kwenye kipanya. Mbina ya Dutwa. Basi, akatikisa kichwa. Harusi ya mjomba. Basi. Wimbo wa mama. Nikamtazama baba. Baba hakutikisa kichwa wala hakuitikia, alisubiri tu jina linalofuata, kama mtu anayesubiri kituo chake. Kisha mdogo wangu akasoma: "Kutapika ng'ombe, Maswa." Baba akapiga paja lake kwa mkono mzima. "Basi! Basi! Basi!"

"Baba," nikamwambia, "wimbo huo uko kwenye simu ya kila mtu. Uko hata kwangu hapa. Siku ya mwisho wa dunia utakuwa bado unapigwa."

Mdogo wangu akarudi kando ya baba, akanieleza taratibu, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Kwenye simu za watu, na hata kwangu dukani, kuna sauti peke yake. Ndani ya diski kulikuwa na picha, baba akiwa Maswa mbele ya umati, ameruka juu, miguu yote miwili inafanya kazi. Ndiyo aliyotaka kuiona. Nililielewa hilo. Mtu yeyote angelielewa, na mimi sikumwonea huruma hata kidogo.

Skrini ilikuwa imenielekea mimi, na baba hajui kusoma. Nikauvuta wimbo wa mama, nikauachia kwenye kompyuta. "Haya," nikasema, "nimeanza."

Ulitambaa. Ulipita robo, ukakwama, nikasikia tik, ukaendelea. Ulipofika nusu nilianza kuomba kimoyomoyo. Nilikuwa nauombea mstari mmoja. Mdogo wangu akazunguka meza tena kuja kuangalia, na yeye kidato cha nne alimaliza.

"Dada, huo siyo."

"Nyamaza."

"Huo ni wa mama."

"Nimekwambia nyamaza!"

Angeweza kunyamaza. Lakini ni mtoto mwema, hadanganyi wazazi. Akainama akamwambia baba sikioni. Baba alinitazama, nami sikukwepesha macho. Akainua fimbo yake kwa mkono wa kushoto na kuishusha mezani kwa nguvu zote zilizomsalia. Sijui kama aliilenga diski au alinilenga mimi. Ilitua ubavuni mwa diski, nayo diski ikaruka na waya wake na kuanguka juu ya kibodi.

Diski inapogongwa ikiwa inasoma, kichwa cha kusomea hukwaruza palepale kilipokuwa. Hilo nilikuwa nimewaeleza wateja mara nyingi, nikiwakemea wasiitikise. Ikalia kama kokoto kwenye kopo, ikatoweka kwenye skrini. Nikaichomoa, nikaiacha ipoe, nikaichomeka tena. Ikarudi. Majina yote yalikuwepo. Nikabonyeza wimbo wa mama, kompyuta ikasema haiwezi kuusoma. Nikarudia. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikarudia. Ile nusu iliyokwishahamia nayo haikufunguka.

"Umeupasua mwenyewe," nikamwambia. "Mke wako alikuwa mle."

"Basi," akajibu.

Ningeweza kuitupa diski ile chini na kuimaliza. Nilifikiria hivyo, na mkono ulikuwa tayari juu yake. Badala yake nikauvuta ule wa ng'ombe, nadhani kwa matumaini kwamba nao utagoma, ili nimwone uso wake. Haukugoma. Ulitembea polepole bila kukwama, mchana wote, wateja wanaingia na kutoka, na ulipofika mwisho nikaufungua ukajaa skrini nzima. Baada yake diski haikuwaka tena.

Nikamgeuzia baba skrini. Alikuwa hapo, Maswa, amejipaka vumbi na jasho, umati umemzunguka mpaka juu ya miti. Akaruka. Baba wa kwenye kiti akasogeza goti lake zima. Wimbo ulipoanza midomo yake ikacheza, nikadhani anatafuta mate. Kisha sauti ikatoka.

Aliimba. Mtu ambaye hakuweza kuomba maji aliimba maneno yote kwa mpangilio wake, kwa sauti ya kukwaruza lakini safi, kila neno na mkia wake. Nilikula ng'ombe wa watu. Mdogo wangu alipiga magoti, akamshika mkono, machozi yakamtiririka. "Dada! Baba anaongea! Unasikia, dada?"

Nilisikia. Nimewatapika wazima. Alikuwa ameacha kutazama skrini, ananitazama mimi, na kile kipande cha binti na chungu hakukiruka wala hakukipunguza. Alikitoa chote, mpaka kitako.

Wimbo ulipokwisha mdogo wangu akamsihi. "Baba, tusalimie, sema mwangaluka. Mwite dada. Sema chochote."

"Basi," akasema baba, na udenda ukamtoka upande ule wa kulia. Nikamfuta, kwa sababu nilikuwa karibu.

"Hospitali waliniambia inawezekana mtu akaimba hata kama hawezi kuongea," mdogo wangu akaniambia kwa kunong'ona. "Walisema kama kuna kitu anaweza kukitamka, tusikiache, arudierudie kila siku. Nitakuwa namleta hapa, dada. Tafadhali. Rudisha mwanzo."

Nikarudisha mwanzo. Akaniimba tena.