Waliitwa jukwaani, viti vikawa vitupu: Dorina na mlima anaouogopa

Saa moja asubuhi, Dorina Madrassi anasimama kwenye mti wa mwisho. Kuanzia hapo hakuna tena miti, ni mteremko mweupe tu unaopanda hadi ukingo wa mlima, na nyuma ya ukingo ni Slovenia. Kifuani amefunga kifaa cha kutuma ishara mtu akifukiwa na theluji, mgongoni ana beleshi na betri mpya. Hapandi. Anakikagua kifaa kwa mara ya tatu.

Pembeni yake Matija Mlekuž, mwenzake wa kazi kutoka Slovenia, anajifanya anakaza kamba za viatu.

"Dada, tuongee kidogo au tupande?"

"Tuongee."

"Haya. Kahawa ya mama yako leo ilikuwa lami tupu."

"Mwambie mwenyewe, uone kama utapewa nyingine."

Dorina anacheka, lakini macho hayaondoki mlimani. Bondeni, moshi umeanza kutoka kwenye mabomba ya nyumba za Planera, kijiji alichozaliwa, upande wa Italia. Baadaye asubuhi watoto wataanza kupita barabarani kwenda shule. Barabara hiyo inapita chini ya mteremko huu huu.

Dorina, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni fundi wa vinasa mitetemo. Ni vyombo vilivyofukiwa ardhini toka Italia hadi Slovenia, kazi yake kuusikiliza mlima wakati wote wa baridi. Theluji ikianza kuachia mteremko na kuporomoka, taarifa hufika kwa wataalamu huko Innsbruck, Austria, na king'ora hulia katika vijiji vya pande zote mbili. Chombo kikinyamaza, lazima mtu apande akakiangalie na kubadilisha betri. Leo kimoja kimenyamaza.

Zamani alikuwa akikata tiketi kwenye viti vya kamba vinavyopandisha watalii. Viti vilipofungwa, vijana wengi waliondoka. Yeye alibaki kwa ajili ya mama yake, Alba, na mradi huu ukamwajiri kwa euro elfu moja na mia nne kwa mwezi.

"Si haba," anasema. "Na nilikuwa naupenda mlima. Nilikuwa."

Mpango wa awali ulikuwa rahisi: kila fundi ashughulikie upande wake. Dorina alipanda peke yake kutoka Italia, Matija peke yake kutoka Slovenia. Walikuwa wakisalimiana kwa redio ya mkononi, wakitaniana kuhusu mpira na mvinyo, halafu kila mmoja anarudi kwao.

Februari ya mwaka jana, chombo kimoja kilinyamaza. Dorina akapanda. Anakumbuka jua lilikuwa zuri. Anakumbuka pia mlio mzito chini ya miguu, kama mtu amedondosha godoro kwenye chumba cha chini. Kisha kipande kikubwa cha mteremko kikaondoka, naye akiwa juu yake.

"Watu hudhani ni laini kwa kuwa ni theluji," anasema. "Ikisimama inakuwa saruji. Sikuweza kukunja hata kidole. Sikujua juu ni wapi. Nikaacha mate yatoke mdomoni nijue yanaelekea wapi, yakapita shavuni kwenda sikioni. Basi nikajua nimelala chali. Na kujua huko hakukunisaidia kitu."

Anasema hakusali wala hakuwakumbuka watu wake. Alichofanya ni kuogopa tu, mpaka hofu yenyewe ikawa kama kitu kilichomkalia kifuani, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Matija alikuwa ng'ambo ya ukingo. Alisikia ngurumo, akamwita kwenye redio, kimya. Akavuka na kuushuka mteremko ambao nusu yake ilikuwa bado inaning'inia, akafuata ishara ya kifaa, akachimba peke yake. Alipoufikia uso wa Dorina, ulikuwa umeshakuwa wa bluu.

Mfupa wa bega uliovunjika uliunga. Hofu haikuunga. Nyumbani alianza kulala mlango wazi na taa ikiwaka. Lori la jembe la kusukuma theluji likipita barabarani, alijikuta ameshika ukingo wa meza. Mama Alba, ambaye mumewe pia alichukuliwa na theluji wakati Dorina akiwa mdogo, alihamishia kiti chake upande wa pili wa jiko ili asiutazame mlima dirishani.

"Mwanangu, kauze hata mikate," alimwambia.

"Na nani atapanda?"

"Apande yeyote ambaye mama yake si mimi."

Majira ya vuli, simu ikaja kutoka Innsbruck. Alikuwa Profesa Waltraud Egger, mkuu wa mradi, sauti yake ikiwa juu kwa furaha. Mradi ulikuwa umeshinda tuzo ya ushirikiano wa kisayansi baina ya nchi za Ulaya. Sherehe ingefanyika Brussels, na profesa alitaka mafundi nao wapande jukwaani.

"Nilikubali kwa sababu Brussels hakuna milima," Dorina anasema.

Alishona upya koti alilovaa kwenye harusi ya dada yake, akaenda. Ukumbi ulijaa watu wa suti, wenye vibao vya majina vifuani. Zilitajwa timu za nchi hii na ile, za kutibu magonjwa ya damu, za kusafisha mito, na kila timu ilioneshwa kwa filamu fupi. Dorina alikaa kati ya Matija na profesa, akila peremende alizopewa mlangoni.

Zamu yao ikafika. Taa zikapunguzwa. Kwenye skrini kubwa ukatokea mteremko, na kwenye spika ikatoka sauti ambayo vyombo viliinasa Februari ile: kwanza mlio wa godoro, halafu ngurumo.

Waandaaji waliiomba kwa nia njema, waukumbushe ukumbi kazi hii ni ya nini. Sauti iliingia sakafuni, ikapanda kwenye miguu ya viti. Dorina hakuona tena watu. Aliona weusi, akahisi saruji mabegani. Akasimama, akakanyaga viatu vya watu, akatoka.

Alijikuta kwenye chumba cha kutundikia makoti. Akapenya katikati ya makoti, akakaa chini, akijaribu kuvuta pumzi isiyovutika. Ndipo akaona viatu anavyovijua. Matija alikuwa ametoka ukumbini kabla yake bila yeye kuona, na alikuwa ameshakaa hapo, mgongo ukutani, jasho likimtiririka.

"Na wewe?" akamuuliza.

"Na mimi."

"Wewe si ulinichimba tu."

"Dada, nilipokuwa nachimba, sehemu iliyobaki ilikuwa inalia juu ya kichwa changu. Kriii. Kriii. Mpaka leo mke wangu akifungua kabati, naruka."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Ukumbini, majina yao yalikuwa yakiitwa. Waliyasikia yote mawili, tena yakitamkwa vibaya, kisha yakarudiwa. Makofi yakapigwa kwa viti vitupu. Hakuna aliyenyanyuka.

Profesa Waltraud aliwakuta baadaye, tuzo ya kioo imebanwa kwapani. Aliwatazama, akaketi nao sakafuni na gauni lake refu.

"Nisameheni," alisema. "Niliisikia sauti ile mara nyingi sana ofisini. Ikawa mchoro tu machoni mwangu."

Dorina hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka jambo jingine, na anasema kama asingekuwa na hofu kiasi kile asingethubutu kulisema.

"Mama, tumepewa tuzo ya kushirikiana. Mimi napanda peke yangu, huyu anapanda peke yake. Sipandi tena peke yangu. Kama haiwezekani, tafuteni mwingine."

Kupandisha watu wawili kila mara kulimaanisha kuajiri mafundi zaidi katika nchi mbili. "Tuzo ina fedha," profesa akasema hatimaye. "Tuanze na hizo."

Ndiyo sababu asubuhi hii Matija yuko upande wa Italia, akilalamikia kahawa. Baada ya maongezi, Dorina anasema, "Haya," nao wanapanda, mmoja akitangulia, mwingine akisubiri na kumfuata kwa macho.

Wamefika karibu na chombo kilichonyamaza pale theluji inapotoa mlio chini yao. Mzito. Mfupi. Ufa mwembamba unakimbia mbele ya Dorina na kupotea.

Wote wawili wanaganda. Hakuna kinachosogea.

"Tunashuka," Dorina ananong'ona.

"Tunashuka."

Wanarudi katika nyayo zao wenyewe, hatua kwa hatua, na betri mpya ikiwa bado begini. Wakifika msituni Dorina anapiga simu kijijini, na barabara inafungwa kabla watoto hawajatoka majumbani. Kisha anainama nyuma ya mti na kutapika.

"Zamani ningeona aibu," anasema akijifuta mdomo. "Sasa nashukuru naogopa. Asiyeogopa angepiga hatua nyingine."

Nyumbani, mama Alba anawapakulia uji mzito wa mahindi na jibini ya kukaanga, bila kuuliza kitu. Ameiona betri mpya ikirudi nao. Mteremko utaachia usiku huu, au kesho, au hautaachia kabisa. Watajaribu tena hali ikitulia, wakipitia Slovenia.

Dorina ana mpango kwa ajili ya Machi. Yeye na Matija wataanza kuwafundisha watu wa vijiji vyote viwili kuwatafuta na kuwachimbua waliofukiwa na theluji, kwa pamoja, kwenye uwanja wa chini usio na hatari. Wengi waliokwisha kujiandikisha ni wanawake: wahudumu wa hoteli, mwalimu, mwoka mikate.

Wa kwanza kabisa kujiandikisha ni mama Alba, mwenye miaka sabini na moja na magoti mabovu.

"Utachimbaje, mama?" Matija anamuuliza.

"Nikiwa nimekaa," anajibu, akimwongezea uji. "Baba yake nilimsubiri jikoni. Huyu simsubiri jikoni."