Matawi Mabichi ya Njia ya Dilolo

Kabla hujaniuliza: sikuwa nimelewa, sikuwa na malaria, na haikuwa usiku. Ilikuwa mchana, na shahidi ninaye. Anaitwa Faustin, yuko hai, anakaa Kapata hapa nje ya Kolwezi. Nenda kamwulize. Ataomba maji kwanza, atakunywa, ndipo ataanza kusema. Watu hufikiri mizuka inangoja giza kama wezi wa kuku. Huyu wangu hakungoja kitu.

Mimi ni dereva wa lori. Ndiyo, mwanamke. Cheka, ukimaliza tuendelee. Lori aliliacha mume wangu, naye ndiye aliyenifundisha kuliendesha, kwenye mchanga wa njia ya Dilolo, kule mpakani na Angola. Makampuni makubwa yanabeba shaba. Sisi wadogo tunabeba vitu vya kina mama wa sokoni: vinatoka bandarini Angola, vinafika mpakani, tunavipokea na kuvileta Kolwezi. Samaki wa chumvi, sabuni, vitenge. Kazi si ya kuringia, lakini inalisha watoto.

Mume wangu alipofariki, matanga hayajaisha vizuri, Faustin akasimama mbele ya ukoo. Faustin ni mdogo wake marehemu, shemeji yangu.

"Hii kamyo ni ya ndugu yangu," akasema, akilielekezea lori kidole. "Mwanamuke hawezi kuongoza kamyo. Mi njo nitabeba."

Nilisimama na mimi. Sikulia, machozi nilikuwa nimeyamaliza kaburini. Nikawauliza nani alikuwa anashika usukani wakati mume wangu anaumwa, na watoto wanakula nini kama lori likiondoka. Wazee wakavutana mpaka wakachoka, wakaamua hivi: niende Dilolo safari moja, nilete mzigo wa kina mama wa Kapata. Mzigo ukifika mzima, lori langu. Usipofika, lori la Faustin. Naye atakaa humo humo ndani na mimi, ashuhudie kwa macho yake.

Hebu fikiria. Umekaa na mtu anayeomba Mungu ukwame. Kila shimo akisema "eeh!" kwa furaha. Kwenda tulifika salama, tukapakia samaki wa chumvi mpaka juu, tukafunga turubai, tukageuza. Faustin alianza kununa. Mimi nilianza kuimba, makusudi kabisa.

Ilikuwa kiangazi, wakati wa kuchoma majani. Hatujafika Mutshatsha, moshi wa pori ulikuwa umelala barabarani, jua jekundu, huoni mbali. Ndipo nikaona matawi.

Kama hujawahi kupita njia zetu, nikueleze. Lori likiharibika, dereva hukata matawi mabichi na kuyalaza barabarani kuanzia mbali, kukuonya kwamba mbele kuna gari limesimama, na kukuonyesha upande wa kupita. Ukiyaona, unapunguza mwendo. Ukimkuta mwenye gari, unasimama, unamsalimu, unampa maji hata kama humjui. Naye akishatengeneza gari lake, anayaondoa matawi yote kabla ya kuwasha. Kuna wavivu wasioyaondoa, na watu wamekufa kwa sababu yao, wakikwepa lori ambalo halipo.

Matawi haya yalikuwa mabichi kabisa, utomvu unang'aa. Yalikata barabara nzima na kuelekeza kushoto, kwenye njia ya zamani ya pembeni. Mbele kidogo palikuwa na mwanaume mwenye panga, anakata na kulaza, anakata na kulaza. Nikasimamisha lori.

"Fuata mayani, shemeji," Faustin akasema, akiyaonyesha matawi. "Juu ya nini unasimama? Unaogopa?"

"Kwanza nimusalimie mwenye kamyo."

"Kamyo iko wapi? Mi sioni."

"Njo ile naenda kuuliza."

Nikachukua chupa ya maji, nikashuka.

"Jambo, tata," nikamsalimu, kama anavyoitwa baba kwetu.

"Jambo, mama," akajibu, hakuinua kichwa.

"Kamyo yenu iko wapi?"

"Iko pale mbele. Niko nangoya piesi ya injini. Mwenzangu alienda kuitafuta Kolwezi. Atarudia sasa hivi."

Nikatazama pale mbele. Palikuwa na kichuguu na nyasi ndefu, basi. Nikamnyooshea maji, hakuyapokea. Nikatazama chini, kwa aibu tu ya mtu aliyekataliwa maji yake, na hapo ndipo nilipoona. Mchanga wa kule ni mlaini, hata kuku akipita anaacha alama. Nyayo zangu zilikuwepo toka lori mpaka pale. Zake hazikuwepo kabisa. Alipiga hatua mbele yangu, akalaza tawi, akarudi, na mchanga ukabaki vile vile.

Niliogopa. Sitajifanya shujaa hapa. Nilikuwa nageuka kukimbia niliposikia injini yangu inanguruma.

Faustin alikuwa amehamia kwenye usukani! Lori lilikuwa linaingia kushoto, linafuata matawi. Na mimi nilijua njia ile inaishia wapi, kwa maana mume wangu alinionyesha: kulikuwa na daraja la magogo, mvua ikalibeba, limebaki korongo tu na mto chini yake. Lori langu, mzigo wa watu, baba mdogo wa wanangu, vyote vinakwenda humo.

"Faustin! Simama! Simama!"

Hakusikia. Nilikimbia, mchanga ukanishika miguu, nikaanguka kifudifudi. Nikainuka nikiwa na mchanga mdomoni, na niamini nikikuambia, hofu yote iliniisha. Ilibaki hasira. Nilikuwa nimewavumilia wazee, Faustin na mashimo ya Dilolo, halafu leo mzuka naye anataka lori langu? Nikamgeukia.

"Tata! Toa mayani yako kwa barabara!"

"Siwezi, mama. Kamyo haiyatengenezwa."

"Kamyo gani? Hakuna kamyo pale! Dereva akimaliza, anatoa mayani. Weye ni dereva ya namna gani?"

Akaacha kukata. Kwa mara ya kwanza akaniangalia. Uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida, mwenye vumbi, mchovu, wa umri wa mume wangu.

"Hakuna mutu alikuya kuniambia kama nimemaliza," akasema taratibu.

Hasira ikanishuka ikawa kitu kingine. Nilijikuta nalia, yale machozi niliyodhani yalikwisha kaburini.

"Mi nakuambia," nikasema. "Mwenzako harudie tena. Batu ya kwako balishalia, balishamaliza matanga. Haungoye tena piesi. Umemaliza kazi, tata. Toa mayani, uende."

Nyuma yangu lori lilikuwa linazidi kwenda, nasikia matawi yakivunjika chini ya magurudumu. Halafu akainama. Akashika tawi lililokuwa karibu na mguu wake, akaliinua barabarani.

Injini ikazima pale pale.

Sikugeuka kuangalia. Niliogopa nikigeuka ataacha. Nikainama na mimi, tukayaokota pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, tunayatupa porini, kama watu wawili wanaofagia ua mmoja. Tulipofika la mwisho akaniachia nilibebe mimi.

"Aksanti, mama," akasema. "Safari muzuri."

Sijui alikwenda wapi, nilipepesa macho tu. Panga lake lilibaki mchangani, limeliwa na kutu, halina mpini. Na tawi nililoshika, lililokuwa linatoa utomvu muda mfupi uliopita, lilikuwa kijiti kikavu kinachovunjika kwa kukigusa.

Lori nililikuta limesimama ukingoni kabisa mwa korongo, magurudumu ya mbele yanachungulia mto. Faustin alitoka akitambaa.

"Kulikuwa batu kule ngambo," akasema. "Banapunga mikono, banaita: kuya, kuya, iko nafasi. Nilitaka kukanyaga freni, shemeji, miguu ikakataa. Nilitaka tu nikuonyeshe kama na miye najua kuongoza."

"Panda upande wa pili," nikamwambia, "na usiguse kitu."

Sasa sikiliza. Kurudisha nyuma lori lililojaa, kwenye mchanga, korongo liko mbele ya pua yako, si mchezo. Nililirudisha. Polepole, nikisimama na kuanza tena, mpaka magurudumu yote yakakanyaga barabara kuu. Hapo nikapiga honi, nikaibonyeza muda mrefu, ndege wakaruka pori zima. Faustin akashangilia! Yule yule aliyekuja kuniona nikishindwa alikuwa anapiga makofi juu ya dashibodi na kulia.

Tuliingia Kapata kesho yake, kina mama wamejipanga mbele ya nyumba na vitenge vyao vizuri. Mama Godelive, mwenye sehemu kubwa ya samaki, alipanda mwenyewe juu ya mzigo, akafungua turubai, akahesabu magunia na kupiga vigelegele. Hakuna gunia lililokosekana. Wazee walikuwa wameketi. Wakamwita Faustin aseme alichoshuhudia.

"Kamyo ni ya shemeji," akasema. "Mutu akiuliza tena, aniulize miye."

Akakaa. Ukoo mzima ukapiga makofi, na mimi nilicheza, mjane wa watu, nilicheza pale uani mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka.

Tangu siku ile viganja vyangu vina doa la kijani. Nimesugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga. Haliondoki, na moshi wa kiangazi ukianza linanukia utomvu. Afisa wa mpakani huniuliza kila mara nimeshika nini. Namwambia nimeshika kazi. Faustin hagusi usukani tena. Ananitafutia wateja sokoni, na anawatafuta vizuri, kwa kuwa kila mteja anasimuliwa kisa hiki.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, usifuate matawi kabla hujaliona gari kwa macho yako. Shuka, salimia, angalia mchanga. Na siku gari lililoharibika likiwa lako, ukimaliza, yaokote yote, hata kama umechoka, hata kama mvua inakuja. Maana mimi bado napita njia ile kila wiki, lori langu, jina langu mlangoni. Nikiyakuta matawi yako bila gari, nitashuka nikufokee uyatoe, na sitakuuliza kwanza kama uko hai.