Namba Kumi na Nne Shavuni

Mwaka 1976 Aregae aliajiriwa kutunza chumba cha makumbusho katika bustani mpya kando ya mto Turkwel, pale Lodwar. Alikuwa mjane mcheshi aliyefundishwa kuandika na masista wa misheni. Mkubwa wake, Bwana Opondo kutoka Kisumu, alipenda namba kuliko chai. Kibuyu, mkuki, kengele ya ngamia, kila kilichoingia kilipakwa namba kwa rangi nyeupe na kuandikwa daftarini.

Siku moja mzee Lomunokol, mchongaji, alileta ekicholong yake, kigoda cha kukalia na kulazia kichwa. Opondo alikipaka 14, akakiacha barazani kikauke, akaenda kula. Jua lilikuwa kali. Mzee alipoona kigoda chake kimekaa bure kivulini, alijilaza, akakiegemeza shavu, akasinzia.

Alipofika sokoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shavuni alikuwa na 14, imegeuka kinyume.

"Mzee, serikali imekununua?" muuza tumbaku alimuuliza.

Alirudi akifoka. "Aregae! Nipe kitu yangu. Mimi si mbuzi ya kupigwa chapa!"

"Kimeshaingia daftarini," Opondo alisema. "Hakitoki."

Aregae alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akamsugua shavu huku akijizuia kucheka. "Kwani ulikitoa kwa nini, baba?"

"Nilifikiri mnaangalia siku moja, basi. Leo nitalalia nini?"

Aregae alimgeukia Opondo. "Mrudishie, achonge kingine hapa."

"Kipya si cha kale."

"Kitazeeka, bwana. Haraka ya nini?"

Opondo alikubali shingo upande. Kwa siku tatu Lomunokol alichonga, na Aregae akamuuliza ni mti gani, nani alimfundisha, ngozi ya mshikio wake ni ya mnyama gani. Alijaza kurasa mbili. Opondo alizisoma, kisha akafungua ukurasa wa vibuyu. Uliandikwa: "Kibuyu, kimoja."

"Hiki ni cha nani?" aliuliza. Aregae hakujua. Opondo mwenyewe pia hakujua.

Wiki iliyofuata walipanda lori la Kakuma na vibuyu vya makumbusho, kuwatafuta wenyewe. Mama mmoja, Akal, alikitambua chake mara moja. Alikinusa, akakunja uso.

"Nani amekiosha kwa sabuni? Kibuyu cha maziwa husafishwa kwa moshi!"

Aregae alimnyooshea Opondo kidole. Mchana kutwa ofisa alichuchumaa mbele ya Akal, akifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto, akikohoa, huku Aregae akiandika kila neno.