Mwiko Nilioogopa Kuunyanyua

Mwaka ule ugonjwa wa batobato ulipomaliza mihogo yetu hapa Murusagamba, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na baba alikuwa amefariki msimu uliotangulia. Shida yangu ilianzia hapo. Elimu yangu yote ni darasa la tatu, mwanangu, wala sikufichi. Nilikwenda parokiani kuomba kazi, nikapewa mwiko wa uashi na tanuri la matofali.

Huko nilimkuta padri mmoja, Mhangaza wa hukuhuku, aliyesoma falsafa na teolojia Ulaya miaka mingi hadi akawa anafundisha mapadri wenzake. Kifua kilimsumbua, akarudishwa nyumbani apumzike. Hakupumzika. Aliandika kutwa nzima, akatembea na makaratasi kwapani, watu wakamwita Padri Karatasi. Alicheka tu.

Nakumbuka alasiri aliyokuja akaketi juu ya rundo la matofali yangu.

"Kijana, nitakuwa nakusomea ninachoandika. Usipoelewa, nyanyua huo mwiko. Mimi nitafuta."

"Padri, mimi huyu wa darasa la tatu?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wenye shahada zao wananidanganya kwa adabu."

Basi akawa anasoma kila alasiri huku mimi napanga matofali. Niseme ukweli: sikuambulia kitu. Lakini mwiko sikuunyanyua hata mara moja. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Nilitaka mafundi wenzangu waseme, "Mwone huyu, anazungumza na msomi." Wakasema kweli, nikavimba.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Jirani yetu mmoja, nitamwita Mama Leokadia, alifiwa na mtoto wa wiki mbili kabla hajabatizwa. Mvua ilikata barabara, mama wa ubatizo akashindwa kufika, na mtoto akaondoka. Yule mama alijilaumu mno, akidhani mtoto asiyebatizwa hapokelewi mbinguni. Padri akaandika mahubiri ya kumfariji, akanisomea kwanza. Yalianza na maneno kwamba ufunuo haujatamka bayana juu ya hatima ya watoto wa namna hiyo. Tumaini lilikuwemo, ila huko mwishoni, limefukiwa chini ya maneno mazito. Nikatikisa kichwa kama kawaida yangu.

Jumapili akayasoma vilevile. Mama Leokadia akasikia kwamba hata Kanisa halijui mtoto wake yuko wapi. Hakungoja mwisho. Alijifunga kanga vizuri, akatoka nje. Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala ile nyingine. Shamba lake likaota majani, naye kajifungia ndani.

Padri akanijia tanurini.

"Ukurasa ule uliuelewa?"

"Niliuelewa, Padri."

"Nieleze."

Nikatazama matofali. Mafundi wakaacha kazi kunisikiliza.

"Kumbe miezi yote hii nawasomea matofali!" akasema. Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nilikupa kazi moja tu, kijana. Ungenyanyua mwiko, yule mama asingelia mara mbili." Halafu akashusha sauti. "Na mimi nina kosa. Nilipenda kukiona kichwa chako kikitikisika. Twende kwake. Njoo na mwiko."

Tulimkuta uani anapukuchua maharage.

"Tumsifu Yesu Kristo," Padri akasema.

Mama Leokadia hakuitikia. Aliendelea kupukuchua. Mimi nikamwamkia, "Shikamoo mama," akajibu marahaba bila kuinua macho.

Padri akaanza. "Mama, kuhusu hatima ya..."

Nikanyanyua mwiko. Akanyamaza. Akaanza upya, "Mpango wa wokovu..." Nikanyanyua tena. Jasho likamtoka, yeye aliyefundisha mapadri. Mwishoni akaketi chini, kwenye vumbi, akasema polepole kwa Kihangaza cha mama yake:

"Mungu alimpenda mtoto wako kabla hujambeba. Hakungoja maji yangu ndipo aanze kumpenda. Maji tunatia kwa sababu tumeagizwa, lakini mkono wa Mungu haukukatika na barabara. Hukukosa kitu, mama. Mimi natumaini kumkuta huko, na tumaini hilo ndilo ninaloishi nalo."

Mwiko ulibaki chini.

Mama Leokadia akaacha kupukuchua. "Mbona hukusema hivi Jumapili?"

"Nilikuwa sijajua kusema."

Akanigeukia. "Na wewe, hicho kidude cha nini? Unataka kunijengea?" Akacheka, machozi yakimtoka. Kisha akamsogezea Padri ungo wa maharage apukuchue. "Milele amina, Padri. Ulinisalimia nikakaa kimya."

Toka siku hiyo nilinyanyua mwiko bila huruma. Padri alifuta, akaandika, akafuta. Mwaka jana tulimzika. Wasomi walikuja na magari, wakasifu jinsi alivyoandika mambo magumu yakaeleweka na kila mtu. Wakasema ni elimu ya Ulaya hiyo. Nilikuwa benchi la tatu. Nikatabasamu.

Mwanangu, usitikise kichwa kwa jambo usilolijua. Sema, "Sijaelewa, rudia." Iwe mbele ya daktari, iwe mbele ya mtu wa karatasi za mashamba. Mimi neno hilo limeniokolea shamba la Nyamigogo, wenzangu wakiweka dole gumba kwenye karatasi wasizozielewa na kujuta. Na wewe uliyesoma, ukimwona mtu amekunja uso, usimdharau. Shuka chini, ukae naye kwenye vumbi. Mungu akupe ulimi wa kuuliza na sikio la kungoja jibu.

Leo nina nyumba ya matofali niliyochoma mwenyewe. Shamba la migomba hapa, la maharage Nyamigogo. Ng'ombe wanne. Wajukuu kumi na mmoja. Bunda la kurasa alizozifuta Padri kwa wino mwekundu, aliloniachia mimi. Na mwiko, ambao mpini wake nimeubadilisha mara mbili.