Ukoo wa Kidukari Mmoja

Miaka ya tisini nilikuwa bibi shamba Mpanda, kijana mwenye hasira za karibu. Mtafiti mmoja aliyekuwa akichunguza urithi wa vidukari, wale wadudu weusi wanaofyonza kunde mpaka majani yanajikunja, aliniachia kazi: nimkuzie ukoo mzima kutoka kwa jike mmoja. Kidukari mmoja ni mdogo mno kupimwa, ila jike huzaa bila dume, na watoto hurithi kila kitu kwa mama yao. Wakifika mamia, niwatie kwenye chupa za spiriti, ziende maabara kwa treni. Nikifaulu, angenichukua nikajifunze kazi ya maabara. Nilikuwa nikiitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Nikapanda kunde kwenye kopo, nikaweka jike mmoja, nikafunika kwa kipande cha chandarua. Kopo likakaa barazani kwa mama, Ilembo. Siku moja nilirudi kutoka Kawajense nikakuta chandarua kimefuliwa na kunde imepakwa majivu ya kuulia wadudu kila jani. Mama aliuona mche wa mwanawe unaliwa, akauhurumia.

Nilifoka. Nilisema maneno ambayo hata leo yananitia aibu. Mama alisubiri nimalize.

"Wa kwangu nawaua kila mwaka na hawaishi," alisema. "Wa kwako nimewaua mara moja tu."

Nilicheka bila kupenda. Zilibaki wiki tatu kabla ya treni ya kupeleka chupa. Tukachukua jike mwingine kwenye kunde za mama shambani, nikaanza upya. Kuanzia siku hiyo mama hakugusa majivu, hata shambani. Nilimwambia kopo linatosha, aendelee kuokoa kunde zake. Akaniuliza, hao wa kopo wakifa, nitampata wapi mwingine? Majirani walipomshangaa, aliwajibu kwamba shamba lake liko kazini.

Chupa zilijaa siku mbili kabla ya treni. Nilikwenda mbio shambani kumwambia sasa amwage majivu. Nilimkuta anang'oa kunde. Zilikuwa zimekauka zote, nyeusi, bila ganda hata moja la kuchuma, na ndiyo ilikuwa mboga yetu ya msimu ule.

Aliinuka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Wametosha?"

Nikamwambia wametosha. Kisha nikashika tuta la pili, tukang'oa pamoja, nami nalia.