Mama Mashine na Fidla ya Mkwe

Jina la Mama Mashine alipewa na wateja wake wa unga, na wala halikumkera. Miaka nenda miaka rudi alikuwa kwenye kinu chake cha umeme, anamimina mahindi juu, anakinga unga chini, nyusi nyeupe pee. Ukishinda na dude kama lile, kuzungumza kunageuka kupiga kelele. Hata mezani aliomba chumvi kama anayeita polisi.

Basi mwanawe wa pekee akaoa nani? Mpiga fidla! Binti mpole, maneno yake ya kuhesabu, asubuhi anafundisha watoto muziki, jioni anafanya mazoezi chumbani. Ila kila Mama Mashine alipogusa kitasa cha mlango, fidla ilinyamaza. Jambo hilo lilimchoma.

"Ananiona mshamba," alimlalamikia mwanawe. "Anadhani masikio yangu yamejaa pumba."

"Si hivyo, mama," mwanawe alijibu, akikwepa macho yake. Siku chache baadaye akasema wamepata nyumba ya kupanga, mwisho wa mwezi wanahama.

Mama Mashine akasema sawa, akaingia bafuni, akafungulia maji ili wasimsikie akilia. Yule binti alikuwa amemwingia moyoni. Hakuwahi kumwambia, na sasa anaondoka.

Akaona heri ajue anachonyimwa. Alimwomba mwanawe amwekee kwenye simu ule muziki wa fidla wa watunzi wa zamani wa Ulaya. Mchana, kinu kikipoa, alikaa juu ya gunia na kusikiliza. Siku ya kwanza akalala fofofo. Siku ya pili akakasirika: haimbi mtu, hakuna ngoma, sasa utajuaje wamefika wapi? Lakini ni mbishi huyo, hakuacha. Hadi siku moja akasikia fidla kama inauliza jambo, vyombo vingine vinajibu, nayo hairidhiki, inauliza tena kwa upole zaidi. Mteja aliingia na debe lake akamkuta machozi yamechora njia mbili kwenye unga wa mashavuni.

"Kulikoni, mama? Kuna msiba?"

"Msiba wa nani? Weka debe hapo usubiri!"

Siku ya kuhama ikafika. Lori lilikuwa mlangoni, mwanawe na dereva wakihangaika na kabati. Mama Mashine, katoka kinuni na unga mikononi, akamfuata mkwe chumbani, akamkuta anafunga sanduku la fidla.

"Mwanangu, kabla hujaondoka, nipigie. Yote, usinikatizie."

Mkwe alimtazama asiamini, kisha akaitoa fidla. Akapiga polepole, macho kayafumba, na Mama Mashine hakuthubutu hata kukohoa. Fidla iliponyamaza, aliruka akapiga makofi kwa nguvu zote.

"Hongera, mwanangu! Mungu akubariki! Ngoja nikupikie chai."

"Mama, haijaisha. Hiyo ni sehemu ya kwanza tu, bado mbili."

"Mbili? Maskini mimi, nimejiaibisha!"

Mkwe akaangua kicheko. Hakuwa amewahi kucheka hivyo katika nyumba ile. Katikati ya kicheko akaanza kulia.

"Mama, nilikuwa nanyamaza kwa ajili yako. Kutwa nzima uko na kelele za kinu. Nikasema ukirudi upate kupumzika. Mwisho nikaona tuhame tu, nisikuchoshe."

"Unichoshe! Mimi nikajua hunitaki." Mama Mashine akamshika mashavu, akampaka unga. "Nakupenda wewe, unasikia? Nakupenda kama niliyekuzaa."

Nje dereva alipiga honi. Mwanawe akachungulia, jasho linamtiririka. "Jamani, tupakie kitanda?"

Mama Mashine alirudi kukaa kitandani, mikono ameikalia isije ikapiga makofi tena kabla ya wakati. Mkwe alifuta macho, akairudisha fidla begani.

"Kitanda kiache," alimwambia mumewe. "Na kabati lishusheni. Mama hajamaliza kusikiliza."