Shali ya Kashmir Kichwani mwa Baba

Nyinyi wenzangu mliokulia Hail, hapa Maskati, miaka ile ya tisini, kabla ya maduka makubwa kuijaza, mtakumbuka kuwa Ijumaa ilikuwa na harufu yake: udi, wanga wa kanzu ukiungua kidogo kwenye pasi, na mchuzi wa papa jikoni. Nyumbani kwetu iliongezeka harufu ya karafuu, maana Mama aliihifadhi shali ya Baba sandukuni pamoja na karafuu zilizotoka Unguja. Nondo wa Maskati, akisema, hawana adabu, hula cha mkubwa kwanza.

Shali hiyo ndiyo iliyokuwa kilemba chake. Wanaume wa Omani, mnajua, hujifunga kichwani sufu ya Kashmir. Ya Baba ilikuwa rangi ya maziwa, imedariziwa kwa mkono maua madogo mekundu na ya kijani ukingoni mwote. Mama alikuwa fundi wa kofia za viua, na kazi ya sindano haikumpita. Aliigeuza shali, akatuambia, "Kazi ya mkono itazameni mgongoni. Huko mtu hawezi kudanganya." Muuza shali wa soko la Sib, Mkashmiri mwenyewe, alimweleza kuwa sufu ile huchanwa kwa chanuo kutoka kwa mbuzi wa milima ya baridi, wanawake huisokota, na wanaodarizi ni wanaume, kipupwe kizima juu ya shali moja, na pengine zaidi. Mama alicheka hadi akakaa chini.

"Wanaume washone! Wetu sie wanajua kukosoa tu."

Mwaka alioposwa dada yangu Salma, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Baba alipata kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, mkono wa kulia haukurudi. Msikitini akawa anakwenda na kofia tu, na hakuna aliyemlaumu. Lakini siku ya kumuozesha Salma, mbele ya sheikh na wakwe, kwa desturi yetu baba wa bibi arusi haendi bila kilemba. Ami Nasor, mdogo wake Baba, alijitolea kumfunga. Baba akakataa katakata.

"Wanaovishwa ni mtoto mchanga na maiti. Mimi sijafa bado. Nenda wewe ukamuozeshe, nshakupa uwakala."

Dini inaruhusu, lakini nyumba ikawa kama ya msiba. Salma aliacha kupima nguo zake. Alikuwa na baba yu hai, chumba cha pili, na angeozeshwa na ami. Mimi nilimkasirikia Baba na nikamwonea huruma, yote mawili kwa pamoja, na sikujua nifanye nini nayo.

Mama hakubishana. Alasiri moja aliketi mbele yake, akaitoa shali, akaweka kopo la maziwa alilozoea kukaushia kofia zake, akaanza kulifunga kilemba. Vibaya. Pembe moja ilining'inia, maua yakaingia ndani. Baba akatazama kando. Mama akafungua, akafunga tena, vibaya zaidi.

"Unafanya nini, Mama Salma?"

"Nnajifunza."

"Hivyo hufungi kilemba, unafunga mzigo wa kuni."

"Basi nioneshe. Mie ntajuaje, na sijapata kuvaa?"

Baba akasogea. Mkono wake wa kushoto ukashika pembe, wa Mama wa kulia ukavuta. "Vuta. Usilegeze. Haya zungusha, maua yaje mbele." Walipokimaliza wakakifungua, wakaanza upya. Mara ya mwisho kopo lilikuwa limewekwa kando, kilemba kiko kichwani mwa Baba, na mtu asingeweza kusema nani kamvisha nani. Sisi tulikuwa mlangoni, Salma akiniminya mkono hadi ukaniuma.

Baba alimuozesha binti yake. Ami Nasor alirudi akatuhadithia kuwa Baba alipolitamka jina la Salma, watu wazima mle msikitini walishikwa na mafua ghafla. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila Ijumaa kabla ya adhana mlango wa chumba chao ulifungwa, tukawasikia wakigombana taratibu juu ya maua.

Vijana wetu wa hapa Bawshar siku hizi hununua shali ya mashine iliyokwisha kufungwa dukani, wakaitia kichwani kama helmeti. Wengine hujifunza kwenye simu, wakisimamisha picha na kurudisha nyuma, hata wakifika arusini wali umekwisha. Nawacheka, lakini nyumbani kwangu sina la kujisifia. Mume wangu ni mzima wa mikono yote miwili, alhamdulillahi, na hujifunga mwenyewe mbele ya kioo chake, kimyakimya. Miaka yote hii sijapata kujua kilemba chake kinaanzia pembe ipi. Ijumaa iliyopita nilikwenda nikasimama nyuma yake, nikanyoosha mkono. Alidhani nataka kioo, akanipisha.